Neno Lenye Nguruwe Ndani Yake

Neno lenyewe ni higgledy-piggledy. Nilipewa nikiwa chuo cha ualimu, na mkufunzi mmoja aliyependa maneno yanayocheza mdomoni. Maana yake ni kitu kilichotupwatupwa bila mpango, hiki juu ya kile, mbele na nyuma havijulikani. Nililipenda siku hiyo hiyo. Nilipoanza kufundisha Kiingereza hapa Kiganjo, likawa neno langu la pambizoni. Mwanafunzi akiniandikia insha inayoruka kutoka jikoni hadi shuleni hadi mazishini kabla ya nukta ya kwanza, nilichora mstari mwekundu kando ya aya nzima na kuandika neno hilo moja. Wanafunzi walicheka, wakarekebisha, na mimi nikaendelea na daftari lililofuata.

Mimi ni mwalimu mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila kujua hivyo huwezi kuelewa jinsi nilivyoshtuka siku mzazi alipokuja kunishtaki kwa neno hilo.

Ilikuwa Ijumaa, wakati wa chai ya saa nne. Mwalimu mkuu alituma mtu aniite ofisini. Nilimkuta amekaa na mwanamume mrefu, mikono ina gundi kavu kwenye vidole, daftari la mwanawe limewekwa juu ya magoti kama mtu anavyoshika Biblia kanisani. Nilimjua kwa sura. Ni fundi wa makochi, karakana yake iko kando ya barabara ya kuingilia mtaani, na binti yake yuko Gredi ya Nane, msichana mkimya anayekaa safu ya pili karibu na dirisha.

“Mwalimu, habari yako,” alisema. Hakupandisha sauti, wala siku ile hakuipandisha hata mara moja. “Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Hili neno uliloandika hapa, maana yake ni nini?”

Alifungua daftari. Ilikuwa insha ya Siku Ambayo Sitaisahau, na kando yake mstari wangu mwekundu ulishuka kutoka juu ya ukurasa hadi chini.

“Ni kusema kwamba mambo hayajapangwa vizuri,” nilimwambia. “Insha inarukaruka. Si neno baya.”

“Nimelitafuta kwa simu,” alisema. “Kiingereza changu ni kidogo, lakini pig nalijua. Sasa nataka kujua huyo nguruwe anafanya nini kwa daftari ya mtoto wangu.”

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeliandika na kulitamka, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza nguruwe yule aliingia vipi. Nilisema tu kwamba ni neno la mchezo, kwamba Waingereza wenyewe huwaambia watoto wao.

“Huko kwao labda,” alisema. “Hapa kwetu, ukimwita mtu nguruwe, umemwambia ni mchafu. Mtoto aliniambia hana shida. Lakini alificha daftari chini ya godoro.”

Hilo la godoro lilinichoma. Mwalimu mkuu, ambaye hupenda mambo yaishe kabla kengele haijalia, alisema tuonane tena Jumatatu asubuhi, na mimi nije na maelezo kamili ya neno. Fundi alikubali. Alilifunga daftari, akafikiri kidogo, kisha akaliacha mezani. “Kaa nalo, mwalimu,” akasema. “Utalihitaji.”

Jioni hiyo nilibaki shuleni na kamusi zote tulizo nazo, nilipomaliza hizo nikaingia mtandaoni. Nilichopata nitakieleza kama nilivyokielewa. Neno hili ni kongwe, limekuwa katika maandishi ya Kiingereza kwa zaidi ya miaka mia nne. Limeundwa kwa namna ya kuimbana, sehemu moja ikiiga nyingine, kama watoto wanavyounda maneno wakiruka kamba. Wataalamu wengi hudhani kwamba nguruwe ndiye aliyetangulia: mtu aliwatazama nguruwe walivyojazana na kukanyagana, akaunda piggledy, kisha akatafuta mwenzake wa kuimba naye, akapata higgledy, ambayo peke yake haina maana yoyote. Lakini wote wanasema labda. Hakuna anayejua kwa hakika. Wengine wanasema huenda ni sauti tu, na nguruwe tumemwona sisi wenyewe baadaye.

Nilikaa na ile labda kwa muda. Sikupenda kwenda mbele ya mzazi na labda. Nikajaribu kujisaidia kwa Kiswahili, maana nakifundisha pia. Sisi tunasema shaghalabaghala, nalo linacheza vilevile, linaimbana vilevile, na halina mnyama yeyote ndani yake. Ningeandika shaghalabaghala pembeni mwa insha ya Kiswahili, nani angekuja ofisini? Hakuna. Tofauti ilikuwa nguruwe tu.

Na nguruwe mimi nawajua kuliko mwalimu yeyote wa Kiingereza katika kaunti hii. Nimelelewa nao.

Mama yangu anaishi Gitothua, upande wa Ruiru, katika ploti aliyoachiwa na baba. Amefuga nguruwe tangu nikiwa mdogo, na ni nguruwe waliotusomesha sisi watatu. Nilipokuwa shule ya upili, wasichana wa bweni langu walijua. Mama alikuja siku ya wazazi moja kwa moja kutoka bandani, ameoga na kubadilisha nguo, lakini harufu ile haitoki kwenye kitambaa cha kichwa. Kuanzia siku hiyo hadi nikamaliza, kulikuwa na wasichana walioziba pua nikipita na kuniita wa ngurwe. Nilijifanya sisikii. Nilisoma sana, hasa Kiingereza, nikawashinda wote katika somo hilo, na nikaamini kwamba mambo yameisha. Halafu nikakua nikawa mwalimu, na nikaanza kuandika nguruwe kwenye madaftari ya watoto wa watu bila kumwona.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Gitothua. Safari hiyo haikuwa ya neno. Mama alikuwa ameniita wiki nzima nije kusaidia kuhamisha. Jirani yake amejenga jumba la kupangisha la orofa nne, na madirisha ya nyuma yanatazama moja kwa moja kwenye banda la zamani. Wapangaji walilalamika, chifu akaja, ikaamuliwa banda lisogezwe hadi mwisho wa pili wa ploti, karibu na shamba la ndizi. Banda jipya lilikuwa tayari, limesakafiwa kwa saruji. Kilichobaki ni nguruwe kumi na wawili kutembea hatua mia moja hivi.

“Maitu, umevaa viatu gani hivyo?” Mama aliniuliza langoni. Huniita maitu, yaani mama, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake.

“Ni vya kazi.”

“Kazi ya ofisi,” alisema, akanipa gambuti zake za zamani.

Nilikuwa na uhakika wangu. Nilimwambia angoje karibu na banda jipya, mimi nitawafungulia na kuwaswaga kwa fimbo, wataenda wote pamoja. Alinitazama kidogo tu. Kisha akasema sawa, akaenda kusimama alikoambiwa. Sasa najua alikuwa ananiacha nijifunze.

Nilifungua mlango. Walitoka wote kwa pamoja na wakasimama, kana kwamba hawajawahi kuona ploti. Nikanyanyua fimbo. Wawili wakakimbia kuelekea lango la barabarani, mmoja akarudi ndani, jike mkubwa akapita katikati ya miguu yangu nusura anibebe, na wengine wakaingia kwa jirani kupitia pengo la ua ambalo hakuna aliyelikumbuka. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo huko. Nilipofika, nguruwe mmoja alikuwa amevaa shuka la waridi mabegani na anakimbia nalo kuzunguka tangi la maji, na mwenye shuka anamfuata kwa ndara moja. Watu walitoka kwenye roshani za orofa zote nne. Kuna aliyenipigia makofi.

Nilirudi nikitokwa na jasho, matope hadi kiunoni. Mama alikuwa palepale, mikono nyuma.

“Umemaliza?” aliuliza.

“Nimemaliza.”

“Sasa lete ndoo.”

Alinionyesha kitu nilichokuwa nimekisahau kwa miaka yangu yote ya chaki. Ukimvika nguruwe ndoo kichwani, hurudi nyuma akijaribu kuitoa. Basi unamgeuza, matako yakielekea unakotaka aende, unashika mkia kama usukani, na anakwenda mwenyewe kinyumenyume. Mmoja mmoja. Mama, ambaye ana miaka sabini na mguu mmoja unaomsumbua, aliwahamisha kumi na wawili kwa ndoo moja ya plastiki, na mimi kazi yangu ikawa kufungua na kufunga mlango. Shuka tulilifua na kulirudisha na trei ya mayai. Mwenyewe alicheka, akasema alikuwa hajacheka tangu Krismasi.

Mchana tulikaa juu ya mawe karibu na banda jipya tukinywa uji. Ndipo nikamweleza habari za fundi na neno langu. Alitaka kulisikia. Nikalitamka, akajaribu.

“Higiridi-bigiridi,” alisema. “Na maana yake ni vitu vimechafuka, kwa sababu ya nguruwe?”

“Labda. Walioangalia nguruwe wakaona wamejazana bila mpango.”

Mama alielekeza kikombe ndani ya banda. “Hebu angalia.”

Nikaangalia. Hawakuwa wamekaa humo zaidi ya saa mbili. Walikuwa wamelala kwa safu upande wa kivuli, mgongo kwa mgongo, wadogo katikati. Upande wa mbali kabisa, kwenye kona moja ya chini ambako saruji inateremka, ndiko walikokuwa wamekwenda haja, wote, kona ile ile moja. Hakuna aliyewafundisha. Mahali pa kulala palikuwa pakavu.

“Nguruwe akipewa nafasi hujipanga,” Mama alisema. “Hao wazungu wako walimwona siku anahamishwa, tena bila ndoo. Siku ya kuhama kila mtu huwa hivyo. Wewe hukumbuki tulivyohama kutoka kwa guka, babu yako? Ulibeba taa bila kioo, ukaacha viatu.”

Sikukumbuka taa. Lakini neno kuhama lilinifanya nikumbuke daftari lililokuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimelibeba kwa ajili ya ukurasa wenye neno langu, na insha yenyewe sijaifungua tena. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeisoma mara moja, haraka, katikati ya rundo. Nilinawa mikono, nikaenda kukaa kwenye ngazi za mlango wa Mama, nikaisoma polepole kama inavyotakiwa.

Iliandikwa kwa Kiingereza cha mtoto anayefikiri kwa Kiswahili, na ilikuwa inaruka kweli. Ilianza na kalenda. Kisha sufuria yenye ugali wa jana. Kisha mdogo wake, miaka minne, amesimama juu ya kitanda. Kisha kiatu kimoja. Kisha maji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vitu vile vilikuwa vimeandikwa kwa utaratibu halisi, utaratibu ambao mkono wake ulivishika. Walikuwa wanaishi bondeni, karibu na Mto Chania. Mvua ilinyesha kutwa nzima, baba yuko karakana, na maji yakaingia nyumbani mchana kweupe akiwa peke yake na mdogo wake. Alishika kalenda kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Alimbeba mtoto hadi kwa jirani wa upande wa juu. Halafu, katikati ya aya niliyoichorea mstari, aliandika kwamba alirudi. Maji yalimfika kifuani. Alirudi kuchukua mkasi wa baba yake, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, uliokuwa nyumbani wiki hiyo ili unolewe. Aliufunga ndani ya sweta ya shule na kuubeba juu ya kichwa.

Sentensi iliyofuata ilisema kwamba baba yake alikuwa amewakataza kabisa kurudi majini, na kwamba baba hajui alirudi, na kwamba anaandika kwa Kiingereza kwa sababu baba hakisomi vizuri.

Nilifunga daftari. Mama alipita na majani ya viazi, akaniona, akaendelea na safari yake bila kuuliza.

Jumatatu nilifika shuleni mapema na kumngojea yule msichana langoni. Nilimpeleka pembeni, chini ya dirisha la maktaba, nikamwambia nimesoma insha yake, safari hii yote.

“Nilikosea,” nilisema. “Sikuisoma mara ya kwanza. Niliitazama tu.”

Aliangalia viatu vyake. “Ni sawa, madam.”

“Si sawa. Na sasa baba yako anakuja. Akiniuliza insha inasema nini, siwezi kumdanganya, na pia siwezi kumwambia kitu ulichoniambia mimi. Unataka nifanye nini?”

Wenzake walikuwa wanapita na mabegi, wengine wakimwita. Mwishowe akasema, “Ataniuliza kwa nini sikumwambia.”

“Labda.”

“Niite wakati amekuja,” alisema, akaenda zake darasani.

Fundi alifika saa mbili na nusu, mikono imesuguliwa safi. Nilimweleza neno lote, tangu mwanzo: umri wake, namna lilivyoundwa, kwamba wataalamu wanadhani ni la nguruwe lakini hawana hakika. Sikuficha ile labda. Kisha nikamwambia kwamba hata kama wataalamu wangekuwa na hakika, mimi sikuwa na haki ya kuliandika pale, kwa sababu insha ya binti yake haikuwa imevurugika. Ilikuwa imepangwa, na mimi ndiye niliyeshindwa kuuona mpango.

Aliitikia kwa kichwa polepole. Nilidhani yameisha. Mwalimu mkuu pia alidhani yameisha, alikwisha kuinuka. Lakini fundi hakuinuka.

“Basi insha yenyewe inasema nini?” aliuliza. “Niliibeba mpaka hapa Ijumaa, na siijui.”

Nilituma mtu amwite msichana. Aliingia, akasimama mbele ya meza, akachukua daftari mkononi mwangu. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba sisi wawili tungoje nje. Msichana akasema, “Kaa, madam.” Tukakaa wote.

Alisoma sentensi moja kwa Kiingereza, kisha akaigeuza kwa Kiswahili, kisha nyingine. Kalenda. Ugali. Mdogo wake juu ya kitanda. Baba alikuwa anasikiliza huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza habari anayoijua. Alipofika pale pa kurudi, alisoma Kiingereza chake bila kukigeuza. Nilidhani ataruka.

“Halafu nilirudi ndani,” alisema kwa Kiswahili. “Kuchukua mkasi.”

Fundi aliinua uso.

“Mkasi aliuleta jirani,” alisema.

“Hapana, Baba. Niliuleta mimi. Yeye nilimpa tu akuwekee.”

Nje, Gredi ya Nne walikuwa wanaimba wimbo wa majira. Yule mwanamume alitazama mikono yake mwenyewe, ambayo siku zote zile ilikuwa imekata vitambaa kwa mkasi ule, na nikaona anahesabu kichwani maji yalikuwa yamefika wapi ukutani, maana alama ya tope aliiona mwenyewe aliporudi.

“Mkasi hununuliwa,” alisema.

“Ulikuwa wa mwalimu wako wa ufundi.”

“Hata kama ni wa mwalimu wangu.” Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Usirudi tena. Umesikia? Hata kama ni nyumba nzima ya mikasi.”

“Nimesikia.”

“Endelea kusoma.”

Akaendelea. Ilikuwa imebaki aya moja, ya ukumbi wa kanisa walikolala, na jinsi baba yao alivyofika akiwa amelowa na kuwagusa vichwa, kwanza yeye, kisha mdogo wake, kisha yeye tena. Alipomaliza alilifunga daftari. Fundi alisimama, akamshukuru mwalimu mkuu, akanishukuru na mimi kwa mkono. Kisha akamwuliza binti yake kama amekula asubuhi. Alisema amekunywa chai. Wakatoka pamoja hadi langoni, na kupitia dirishani nikawaona wamesimama hapo, yeye anaongea, binti anaitikia kwa kichwa, hadi kengele ikalia na msichana akarudi darasani mbio.

Sasa yuko Gredi ya Tisa. Bado anaandika akirukaruka, na bado kuna sentensi nyingine ambazo namwambia azisogeze, naye huzisogeza, au hunieleza kwa nini hazisogei. Juzi alikataa kabisa kubadilisha aya moja. Tulibishana karibu nusu ya kipindi, na akanishinda.